Fundi Anayeanza na Kioo

Kijana alikuja na hela kamili na jina la kadi. Jina alikuwa ameliandika kwenye simu, akamsogezea fundi asome: RTX 4060. "Nataka hii, kaka. Ipo?" Fundi hakugeuka kuangalia kabatini. Aliweka bisibisi chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akauliza: "Kioo chako cha inchi ngapi?"

Kijana akacheka. Hakuja kununua kioo.

Mimi nilikuwa pembeni kwenye stuli ya plastiki, nikisubiri kompyuta yangu ipulizwe vumbi, na swali lile ndilo lililonirudisha pale Kariakoo, ghorofa ya pili, Jumamosi baada ya Jumamosi, hata nilipokuwa sina kitu cha kutengeneza. Fundi cherehani mzuri hashiki mkasi kabla ya kushika futi. Hilo nalijua tangu utoto. Sikuwa nimetegemea kumwona mtu akimpimia mteja kadi ya grafiki kama anayempimia kanzu.

Kwa nini aanze na kioo? Kwa sababu kioo ndicho shamba ambalo kadi italima. Kioo cha kawaida, cha 1920 kwa 1080, kina nukta 2,073,600. Gemu ikienda kwa picha 60 kwa sekunde, kadi inapaka rangi nukta zaidi ya milioni 124 kila sekunde, na kila nukta ina maswali yake: mwanga unatoka wapi, kivuli kinaangukia wapi, mbele ya ukuta huu kuna nini. Kazi hiyo ikiachiwa prosesa, ambayo ni mfano wa mafundi wanne au sita hodari, watachelewa. Inapewa kadi kwa sababu ndani yake kuna vibarua elfu mbili na zaidi, kila mmoja anajua jambo dogo tu, lakini wanainua jembe kwa pamoja kama watu wa msaragambo. Kioo kikiwa cha 2560 kwa 1440, nukta zinafika 3,686,400. Kikiwa kile cha 4K zinapita milioni nane, na hapo shamba limekuwa kubwa mara nne ya lile la kwanza.

Kijana alikuwa na kioo cha ofisini cha inchi 22, kinachobadilisha picha mara 60 kwa sekunde. "Sasa kadi ikikutolea picha 140," fundi alimwambia, "kioo kitakuonyesha 60. Hizo nyingine utakuwa umezilipia na hutaziona." Baadaye, kijana alipokwisha kuondoka, aliniambia kwamba kuna wachezaji wa mashindano wanaofaidika hata hivyo, kwa sababu picha inayowafikia ni mpya zaidi na kidole kinajibiwa mapema. Kwa yule hakulisema. Alishaona ni mtu wa aina gani.

Swali la pili lilikuwa gemu. Kijana alitaja mpira, akataja GTA V na Counter-Strike 2. Fundi alitikisa kichwa taratibu, kama daktari anayesikia dalili alizozitarajia. GTA V iliingia kwenye kompyuta mwaka 2015. Kadi nyingi za leo zinaibeba bila kutoa jasho. Counter-Strike 2 inamtegemea sana prosesa, hivyo kuiongezea kadi kubwa ni kumwongezea majani punda asiye na njaa. Kama angetaja Indiana Jones and the Great Circle, ile ya 2024, mazungumzo yangegeuka: gemu hiyo inadai kadi yenye sehemu maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga, na ukoo wote wa GTX umefungiwa mlango, hata wale wazee waliokuwa wafalme wa mtaa.

Kisha akasema neno ambalo nimelisikia akilirudia kwa karibu kila mteja: "Nionyeshe ndani."

Kijana alikuwa na picha. Ilikuwa kompyuta ya mtumba, zile za ofisi zinazoshushwa kwa makontena kutoka Ulaya, kasha jembamba la kulaza chini ya kioo, prosesa i5-6500. Hizi ndizo kompyuta ambazo vijana wengi wa mjini wanaanzia. Ni imara, bei yake inashikika, na kwa kuandika barua na kufanya hesabu zitaishi miaka. Lakini aliyezibuni hakuwa na gemu kichwani. Pawa saplai yake si ya umbo la kawaida, plagi zake ni za kampuni yenyewe, na nguvu yake mara nyingi ni wati 180 au 240 kwa kila kitu kilichomo humo. Nafasi ya kadi ipo, ila kimo chake ni nusu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ufundi wenyewe. Fundi alikuza picha kwa vidole viwili mpaka lebo ya pawa saplai ikasomeka. Wati za jumla, zile zilizoandikwa kwa herufi kubwa, hakuzijali. Alitafuta mstari mdogo wa volti 12, akasoma ampia zake, akazidisha kwa midomo bila sauti. Kadi inakula kutoka kwenye volti 12, na wati nyingine zote kwenye lebo ni za watu wengine. Kuna pawa saplai za bei poa ubavuni zimeandikwa 500, ukizidisha mstari huo hupati hata 300. Zile hazitaki kabisa, na pawa saplai yoyote akiishika huipima uzito kwanza, kama mama anayechagua nazi sokoni. Nyepesi, anairudisha.

"RTX 4060 inataka wati 115," alimweleza. "Sloti ya kwenye bodi inatoa 75 mwisho. Zinazobaki lazima zipite kwenye waya wa pini nane. Waya huo kwako haupo."

Kijana alikuwa na jibu. Mtandaoni aliona adapta, unachomeka kwenye waya wa diski, inatoka na pini nane upande wa pili. Fundi alifungua droo akatoa kitu cheusi kilichokunjamana kama kipande cha muhogo uliosahauliwa jikoni. Ilikuwa adapta ya namna hiyo hiyo. Waya wa diski umetengenezwa kubeba ampia 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ukiulazimisha kubeba zaidi ya hapo, plastiki ndiyo inayolipa. Mwenyewe hakusema lolote. Alikiacha kile kipande juu ya meza mpaka mauzo yakaisha.

Alichomuuzia kijana ni RTX 3050 ya gigabaiti 6, ile fupi ya nusu kimo, inayokula wati 70 na kuridhika na sloti peke yake. Na hapo alimpa somo ambalo kwa maoni yangu ni la thamani kuliko kadi yenyewe. Ziko RTX 3050 mbili zinazouzwa kwa jina moja. Ya gigabaiti 8 ina vibarua 2560 na inataka waya wake wa umeme. Ya gigabaiti 6, iliyotoka mwaka 2024, ina 2304, na njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba. Anayeagiza kwa jina tu anaweza kuletewa yoyote kati ya hizo mbili, na aliyemletea hakumdanganya.

Mchezo huu wa majina ni wa zamani na unanikera zaidi mimi kuliko fundi. GTX 1060 ya gigabaiti 3 na ile ya 6 zilitofautiana pia kwa idadi ya vibarua, si kumbukumbu tu kama sanduku linavyodokeza. Kuna RX 580 yenye vibarua 2304, na kuna nyingine, ambayo mara nyingi huuzwa kwa jina lile lile, yenye 2048, iliyotengenezwa kwa soko la China kisha ikasambaa dunia nzima. Mbaya kuliko zote ni GT 1030: ya kwanza ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5, halafu 2018 ikaja ya DDR4, kumbukumbu ile ya kawaida ya kompyuta, ambayo kasi yake ni kama theluthi moja ya ile ya kwanza. Jina halikubadilishwa hata herufi. Mwuza maziwa akifanya hivyo mtaani kwetu, tunamwita mchanganya maji.

Fundi hupambana na majina haya kwa daftari. Ni daftari la shule, la mistari, na humo kila kadi iliyopita mikononi mwake ina ukurasa wake: wati, pini, urefu kwa milimita, upana wa njia yake kwenye bodi. Hicho cha mwisho wengi hawakijui. Sloti ni ndefu, lakini si kila kadi inaitumia yote. RX 6500 XT ya mwaka 2022 inatumia njia nne tu kati ya kumi na sita. Ukiichomeka kwenye bodi mpya hutaona shida. Ukiichomeka kwenye bodi ya zamani kama ile ya kijana, ambayo kila njia ina nusu ya kasi, kadi inaanza kukwama kama daladala kwenye barabara ya mchanga, hasa gigabaiti zake nne zikijaa. Kadi za Arc za Intel nazo zina sharti lao: zinataka bodi inayomruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo, na bodi nyingi za mtumba hazina kipengele hicho. Bei ya Arc humshawishi mtu haraka. Fundi hufungua daftari, anaweka kidole kwenye mstari, anamwachia mteja asome mwenyewe.

Jumamosi nyingine alikuja dada mmoja anayehariri video za harusi, na usiku, alisema kwa haya kidogo, anacheza gemu. Kompyuta yake ilikuwa ya kuunganishwa upya, kasha pana, pawa saplai nzuri. Kwake fundi hakuzungumzia wati kabisa. Alizungumzia kumbukumbu.

Kumbukumbu ya kadi ni meza ya kazi. Picha za kuta, nguo, nyuso na majani zote hutandazwa juu yake ili vibarua wazifikie. Meza ikijaa, kinachobaki kinawekwa chumba cha pili, kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, na kila kinapohitajika mtu anatumwa kukifuata. Gemu haianguki, inasitasita. Unageuka na gari kona moja na picha inashtuka kama mtu aliyeitwa ghafla. Ndiyo sababu RTX 3060 ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 12, bado inatafutwa, ingawa RTX 4060 iliyoifuata mwaka 2023 ina kasi zaidi na inakula umeme mdogo zaidi; meza ya mdogo mtu ni gigabaiti 8 tu. Kwa dada anayepanga video kubwa, meza ndiyo jambo. Hilo lilichukua dakika tano, wakakubaliana kwamba itatafutwa RTX 3060 iliyotumika.

Basi nilirudi wiki iliyofuata kushuhudia ikikaguliwa. Na hapa naomba msomaji avumilie, kwa sababu sehemu hii ndiyo inayonivuta pale dukani.

Kadi iliyotumika ina historia, na muuzaji huwa hana. Kwa miaka kadhaa kadi nyingi duniani hazikuchezewa gemu hata siku moja. Zilifungwa rafuni usiku na mchana zikichimba sarafu za kidijitali. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilibadili utaratibu wake na uchimbaji wake ukakoma, kadi zikamwagika masokoni zimepanguswa na kuwekwa kwenye maboksi. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu. Lazima ichunguzwe.

Fundi alianza na tochi. Aliimulika kadi ubavuni, kati ya ubao na kipoza joto, akitafuta mafuta. Vipande laini vinavyopitisha joto la kumbukumbu vikikaa kwenye joto muda mrefu hutoa mafuta, na mafuta hayo hutambaa ubaoni na kukamata vumbi. Kisha vichwa vya skrubu: zimewahi kufunguliwa? Kufunguliwa si kosa, aliniambia, ila ukiona skrubu zimekwaruzwa ujue aliyefungua alikuwa na haraka. Aliinusa. Nilidhani ananitania, lakini kadi iliyowahi kuungua hubaki na harufu kali ambayo sabuni haiitoi. Aliangalia mdomo wa chuma, pale panapofungwa kwenye kasha, kama una kutu. Mji wetu uko kando ya bahari na chumvi haimwogopi mtu. Mwisho akasukuma kila feni kwa ncha ya kidole na kuiacha izunguke yenyewe hadi isimame, sikio likiwa karibu. Feni nzima husimama taratibu. Iliyochoka hukata pumzi.

Baada ya hapo ndipo akaichomeka. Kwanza alifungua GPU-Z, programu ndogo ya bure inayosoma kadi inajiitaje na chipu yake ni ipi hasa. Ninamheshimu mwandishi wa programu hiyo kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilinunua kwa mtu GTX 1050 Ti kwenye boksi linalong'aa, kwa bei ambayo nilijisifia kwa rafiki zangu. Iligoma kwenye kila gemu. Nilipoifungua GPU-Z, juu kabisa palikuwa na neno moja la Kiingereza la kusema ni bandia. Chipu ilikuwa ya GTS 450, ya mwaka 2010, imeandikiwa jina la kadi ya mwaka 2016 kwenye baiosi yake. Simu ya muuzaji haikupokelewa tena. Kadi ninayo mpaka leo. Inazuia karatasi zisipeperuke.

Ya yule dada ilikuwa halali. Fundi aliweka mzigo wa majaribio kwa dakika 40, feni ya dari ikiwa imezimwa makusudi, kwa sababu, alisema, Februari nyumbani kwa mteja kutakuwa hivi hivi. Alitazama namba mbili: joto la wastani la chipu na joto la pale palipo na moto zaidi. Zikifuatana kwa karibu, pesti ya kupitisha joto bado ni nzima. Zikiachana kwa nyuzi 20 na zaidi, pesti imekauka na kadi itafunguliwa. Hizi ziliachana kwa 13. Kisha akaacha majaribio, akafungua gemu halisi na kuzunguka mjini na gari bila kufuata sheria yoyote, macho yakiwa kwenye pembe za kioo. Kumbukumbu inayokufa hutoa madoadoa, tena huanzia mahali mtu hatazami. Hayakutokea. Akaandika bei kwenye kipande cha karatasi, akakigeuza, akampigia muuzaji.

Nimejiuliza kwa nini utulivu huu unanipendeza kiasi hiki. Sehemu ya jibu ni kwamba duka zima la vifaa hivi limejengwa juu ya haraka. Sanduku lina moto na radi, taa za rangi zinakimbizana, tangazo linahesabu picha kwa sekunde kama mnada. Katikati yake kuna mtu wa makamo mwenye daftari anayeuliza ukubwa wa kioo chako. Nina ugomvi naye mmoja tu: anazichukia taa za rangi kupita kiasi. Kijana wa miaka kumi na tisa akitaka kadi yake iwake zambarau, sioni dhambi. Fundi anasema kila shilingi iliyoingia kwenye taa imetoka kwenye kipoza joto. Labda ni kweli. Lakini hata kanzu nyeupe ina tarizi.

Kuchomeka kadi ya dada hakukuchukua muda. Aliilaza mikononi sawasawa, akaisogeza kwenye sloti, akakandamiza pande zote mbili kwa vidole gumba mpaka kile kikufuli kidogo cha mwisho kikasema "tik". Waya wa umeme aliusukuma, akauvuta kuuonja, akausukuma tena. Mwaka 2022, RTX 4090 zinazokula wati 450 zilipoanza kuyeyusha plagi, kampuni iliyozibuni, NVIDIA, ilieleza kwamba tatizo lililojirudia lilikuwa plagi ambayo haikuingia hadi mwisho. Kadi ya bei ya pikipiki, na kosa ni la milimita. Tangu hapo, anasema, anavuta kila waya hata wa kadi ndogo, na mteja akimwona anadhani fundi hana uhakika.

Na yule kijana wa kwanza? Alirudi baada ya wiki mbili, akasalimia kwa furaha, akasema mpira unateleza. Chenji aliyobakiwa nayo siku ile ilimnunulia diski ya kasi. Lakini sasa anataka kasha pana na pawa saplai mpya, ili mwakani anunue kadi kubwa. Fundi akamuuliza kioo chake bado ni kile kile. Wakacheka wote wawili.

Ukitaka kwenda kwa fundi wa namna hii, wa kwetu au wa mjini kwako, usimpelekee jina la kadi. Mpelekee picha tatu: mgongo wa kioo chako pale penye lebo, ubavu wa pawa saplai wenye maandishi madogo, na ndani ya kasha ukiwa umeweka rula pembeni. Huyu wa kwetu nenda asubuhi, kabla hajaanza kulehemu. Jumapili hafungui.